Emmy Noether: Mama wa ringi aliyefunza miaka mingi bila mshahara

Chukua saa ya ukutani, lakini badala ya nambari kumi na mbili iwe na sita tu: 0, 1, 2, 3, 4, 5. Ukitoka 5 ukaongeza moja unarudi 0, vile saa yetu ikitoka kumi na mbili inaingia saa moja. Sasa ng'oa nambari tatu kwenye hiyo saa: 0, 2 na 4. Je, hizo tatu peke yake ni ringi ndogo ndani ya ile ringi ya sita?

Mimi nilijibu ndiyo, kwa mtihani, mwaka wa pili chuoni. Nikapewa sufuri. Muhula uliofuata sikurudi. Karo ilikuwa shida, kiburi changu pia kilikuwa shida, na sitakudanganya eti najua ni kipi kilichonitoa zaidi. Siku hizi niko kwa saiba hapa Kakamega, natoa fotokopi, najazia watu fomu za HELB, nachapisha barua za kuomba kazi. Mwezi jana dada mmoja mwanafunzi akaleta mitihani ya zamani nimtolee kopi. Ukurasa wa tatu, swali la pili: saa ya nambari sita, 0, 2 na 4. Nilisimama pale mashine ikinguruma, aibu ikinirudia kama ya jana.

Akaniuliza kama karatasi imekwama. Nikamwambia hapana, ni hilo swali tu. Akacheka, akasema limemtesa wiki nzima, na kwani mimi najua mambo ya ringi? Nikamwambia najua jina la mama yao.

Basi hii ni yake, na ni yako wewe uliyewahi kuketi nyuma ya darasa ukijiuliza nani alikaa chini akabuni mateso haya. Jina lake Emmy Noether. Alizaliwa tarehe 23 Machi 1882 katika mji wa Erlangen, Ujerumani, na akafariki akiwa na miaka 53. Maisha yake yana uchungu kuliko mtihani wowote uliofanya.

Kwanza tumalizane na neno lenyewe, ndiyo usinipotee njiani. Ringi ni kundi la vitu ambavyo unaweza kuvijumlisha, kuvitoa na kuvizidisha bila kutoka nje ya kundi, na zile sheria za hesabu ulizozoea zinafuatwa. Kugawanya si lazima. Nambari kamili, yaani zile za kwenda mbele na za kurudi nyuma ya sufuri, ni ringi: 3 toa 5 ni −2, bado uko nyumbani. Sehemu kama nusu na robo, ukizichanganya na nambari kamili, ni ringi kubwa zaidi. Na kwa kuwa nambari kamili zimekaa ndani ya hiyo kubwa zikitumia kujumlisha na kuzidisha kule kule, tunaziita ringi ndogo.

Fikiria steji moja ya bodaboda kati ya steji zote za mji. Kama wale wanachama wanakopeshana, wanalipana na kuzikana wenyewe bila kwenda kubisha steji nyingine, hiyo steji inajitosheleza. Siku wanapolazimika kuvuka barabara kuomba, si kundi linalosimama lenyewe tena. Nambari za kuhesabia, 1, 2, 3 na kuendelea, hazijitoshelezi: 3 toa 5 inakutupa nje. Nambari witiri nazo ndiyo kabisa: 3 na 5 ni 8, umeshatoka. Lakini nambari shufwa, jumlisha, toa, zidisha, utabaki na shufwa tu.

Ndiyo maana mwalimu hukwambia ukague vitu viwili tu: kundi lisiwe tupu, na ukichukua vitu viwili vyovyote ndani yake, tofauti yao na zao lao vibaki ndani. Watu hushangaa mbona kutoa na si kujumlisha. Ni ujanja tu. Kitu kikijitoa chenyewe unapata 0. Sufuri ikitoa kitu unapata hasi yake. Na kutoa hasi ni kujumlisha. Kazi moja inakufanyia tatu.

Twende Erlangen sasa.

Baba yake, Max Noether, alikuwa profesa wa hesabu katika chuo kikuu cha mji huo. Familia ya Kiyahudi, watoto wanne, Emmy akiwa wa kwanza na msichana pekee. Hakuna aliyemtarajia afuate hesabu. Alisoma lugha, na mwaka wa 1900 akafaulu mtihani wa kufunza Kifaransa na Kiingereza katika shule za wasichana. Kazi ilikuwepo, heshima ilikuwepo. Mtu wa kwetu angesema ashukuru Mungu aanze kazi.

Yeye akarudi kwa geti la chuo. Tatizo ni kwamba miaka miwili tu kabla ya hapo, baraza la chuo hicho lilikuwa limesema kuingiza wanawake kungevuruga utaratibu wote wa masomo. Kwa hivyo hangeweza kusajiliwa. Alichoruhusiwa ni kuketi darasani kama msikilizaji, tena kwa kuomba ruhusa ya kila mwalimu mmoja mmoja. Wanafunzi walikuwa 986. Wanawake wawili. Hebu jiweke pale: unasikiliza kila kitu, unaandika kila kitu, na kwa vitabu vya chuo wewe haupo.

Sheria ilipobadilika mwaka wa 1904 alisajiliwa, na kufikia Desemba 1907 alikuwa amepata shahada ya uzamifu kwa alama za juu kabisa. Msimamizi wake, Paul Gordan, alikuwa rafiki wa familia na bingwa wa hesabu za kukokotoa, mtu wa kujaza kurasa na kurasa kwa hesabu bila maneno. Tasnifu ya Emmy ilifuata njia hiyo hiyo, ikaishia na orodha ya fomu 331 zilizoandikwa moja baada ya nyingine. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe aliiita kazi hiyo takataka. Mimi nadhani alijionea. Ila ndani ya hizo takataka ndimo ringi ndogo zilikuwa zimejificha, na hapa nataka tukae kidogo.

Waluhya wanajua: mapacha wakizaliwa, wa kwanza ni Mukhwana, wa pili ni Mulongo. Sema x ni Mukhwana na y ni Mulongo. Andika usemi wowote wa aljebra wenye x na y. Halafu badilisha majina, x iwe y na y iwe x. Semi nyingi zitabadilika: x toa y ikigeuzwa inakuwa y toa x, si kitu kile kile. Lakini zipo zisizojali nani ni nani. x + y haijali. xy haijali. x² + y² haijali. Sasa chukua mbili zozote zisizojali, toa moja kwa nyingine: jibu nalo halijali. Zizidishe: bado halijali. Umeona? Zile zisizojali ni ringi ndogo ndani ya ringi ya semi zote.

Na kuna ajabu zaidi. Hiyo ringi ndogo haina mwisho, ina semi ambazo huwezi kumaliza kuziandika hata ukipewa mti wote wa msitu wa Kakamega kuwa karatasi. Lakini yote imejengwa na mbili tu: x + y, na xy. Mfano, x² + y² ni (x + y)² ukitoa 2xy. Jaribu na 3 na 5: 9 na 25 ni 34. Upande ule mwingine, 8 kwa 8 ni 64, toa 30, ni 34. Gordan na watu wa enzi yake walitafuta matofali kama hayo kwa kukokotoa kila kitu kwa mkono, ndiyo Emmy akajikuta na fomu 331. Mwaka wa 1916 alitoa makala akithibitisha kwamba kila mara kundi la mageuzi likiwa na idadi yenye mwisho, matofali ya kujengea ringi ya zisizobadilika nayo yana mwisho. Kurasa chache. Alikuwa anaanza kuacha kuhesabu miti na kuanza kuuliza msitu umeumbwaje.

Lakini hiyo miaka yote alikuwa anakula nini? Swali zuri. Kutoka 1908 hadi 1915 alifanya kazi katika taasisi ya hesabu ya Erlangen bila mshahara. Afya ya baba yake ilikuwa imedhoofika, naye alikuwa akiingia darasani kumshikia. Mimi nina rafiki waliomaliza chuo na wanajitolea ofisini mwaka wa pili sasa, wanaambiwa wavumilie watakumbukwa nafasi ikipatikana. Yeye alijitolea miaka saba, na hapo ilikuwa nusu ya safari.

Mwaka wa 1915 David Hilbert na Felix Klein, vigogo wa hesabu duniani, walimwita Göttingen. Wakati huo Einstein alikuwa anakamilisha nadharia yake ya uhusiano na kulikuwa na fumbo kuhusu nishati ambalo Hilbert alitaka mtu mwenye kichwa cha Noether alitazame. Wakaomba aruhusiwe kufunza rasmi. Maprofesa wengine wa kitivo, hasa wa historia na lugha, wakakataa katakata: vijana watarudi kutoka vitani wakute wanafunzwa na mwanamke? Hadithi inayosimuliwa hadi leo ni kwamba Hilbert aliwakumbusha pale ni chuo kikuu, si bafu la umma. Haikusaidia. Suluhisho likawa hili: masomo yanatangazwa kwa jina la Hilbert, anayesimama ubaoni ni Noether. Mshahara, hakuna.

Katika hali hiyo ndipo alitatua lile fumbo. Kwa ufupi, alionyesha kwamba kila ulinganifu usiokatika katika sheria za maumbile una kitu kinachohifadhiwa nyuma yake. Kama sheria za fizikia za leo ni zile za kesho, basi nishati haipotei. Wanafizikia hadi leo wanalijenga jengo lao juu ya nadharia hiyo ya 1918. Ilipowasilishwa mbele ya chama cha wanasayansi cha Göttingen mwezi Julai mwaka huo, aliyeiwasilisha ni Klein. Mwenyewe hakuwa mwanachama.

Vita vikaisha, mfalme akaondoka, sheria za Ujerumani zikalegea. Mwaka wa 1919 akapewa idhini ya kufunza kwa jina lake. 1922 akapewa cheo cha profesa, cheo cha heshima kisicho na senti. Pesa za kwanza, tena kidogo, alizipata 1923, akiwa na miaka 41. Ukihesabu tangu Erlangen ni miaka 15.

Katikati ya hapo, mwaka wa 1921, ndipo alipotoa makala ambayo ilinifikia mimi hapa Kakamega miaka karibu mia moja baadaye na kunipa sufuri.

Sitaki uondoke ukidhani yeye ndiye wa kwanza kutaja ringi. Richard Dedekind alikuwa ameanza kutazama vikundi vya namna hii katika miaka ya 1870, nambari kama zile za a + b√2, ambapo a na b ni nambari kamili. Zidisha 1 + √2 kwa 3 − √2, utapata 1 + 2√2, umebaki ndani, ni ringi ndogo ndani ya nambari zote za mstari. Hilbert alilitia jina la ringi katika ripoti yake ya 1897. Abraham Fraenkel akaandika masharti ya jumla 1914. Noether mwenyewe alikuwa na mazoea ya kusema kila kitu alishakisema Dedekind. Huo ni unyenyekevu wa mtu anayejua kazi yake. Alichofanya ni kuacha kabisa kuuliza vitu vilivyo ndani ya ringi ni nini. Viwe nambari, viwe semi, viwe saa ya ukutani, yeye hakujali. Aliuliza tu: vinatii masharti gani, na kutoka kwa masharti hayo pekee tunaweza kujua nini?

Kitu alichokitazama sana kinaitwa ideali. Ukiielewa tofauti ya ideali na ringi ndogo, nusu ya kozi umeimaliza, nakwambia ukweli. Ringi ndogo inajitosheleza. Ideali inameza. Nambari shufwa ni ideali ndani ya nambari kamili, kwa sababu ukileta nambari yoyote kutoka nje, hata witiri, ukaizidisha na shufwa, jibu linavutwa ndani: 7 mara 4 ni 28. Lakini nambari kamili ndani ya sehemu ni ringi ndogo tu, si ideali. Lete nusu kutoka nje, izidishe na 3, unapata moja na nusu, umeponyoka.

Noether akatazama ngazi za ideali. Anza na ideali ya mafungu ya 12. Iko ndani ya mafungu ya 6. Hayo yako ndani ya mafungu ya 3, nayo yako ndani ya nambari zote. Hapo ngazi imeisha, huwezi kupanda tena. Katika nambari kamili kila ngazi ya kwenda juu lazima ifike mwisho. Akaonyesha kwamba sharti hilo dogo, kwamba ngazi isiende milele, linatosha kuzaa nadharia nzima. Ringi zenye tabia hiyo leo zinaitwa kwa jina lake.

Na sasa ile sehemu iliyonifanya nisilale. Ungedhani kama ringi kubwa ina tabia nzuri, ndogo iliyo tumboni mwake itarithi. Wapi! Rudi kwa semi za x na y. Ringi hiyo kubwa ni tulivu, kila ngazi inaisha. Ndani yake chukua semi ambazo kila kipande, isipokuwa nambari tupu, kina x ndani: x, xy, xy², xy³, na mchanganyiko wake. Ni ringi ndogo, kagua mwenyewe kwa kutoa na kuzidisha. Lakini y peke yake imefungiwa nje. Kwa hivyo ukiwa na x huwezi kuitengeneza xy, maana ya kuzidisha nayo, y, haimo. Ukiwa na x na xy huwezi kupata xy². Kila hatua unahitaji kitu kipya, na ngazi inapanda milele. Mzazi ametulia, mtoto hana breki.

Sasa ile saa. 0, 2, 4. Toa: 2 toa 4 ni −2, ambayo kwenye saa ya sita ni 4. Iko ndani. Zidisha: 2 mara 2 ni 4, 2 mara 4 ni 8, yaani 2, 4 mara 4 ni 16, yaani 4. Yote ndani. Na tazama 4 inavyofanya: 4 mara 2 ni 2, 4 mara 4 ni 4. Inazidisha bila kubadilisha kitu. Yaani humo ndani 4 imejifanya 1! Niliyaandika hayo yote kwenye mtihani, tena kwa fahari.

Kosa langu? Noti zetu, ukurasa wa kwanza, zilisema kila ringi ina 1, na ringi ndogo lazima ibebe 1 ile ile ya ringi kubwa. 1 ya saa haimo kwenye 0, 2, 4. Kwa hivyo kwa noti hizo jibu ni hapana, na mhadhiri alikuwa na haki yake. Sikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza. Lakini kile kilichonikalia moyoni ni hiki: Fraenkel mwaka wa 1914 alitaka 1 iwepo. Noether katika makala ya 1921 hakuitaka. Kwa masharti yake ya mwaka huo, 0, 2 na 4 zinapita. Katika kazi yake ya 1927 aliliweka sharti la 1, kwa sababu alichokuwa anakijenga kiliihitaji. Hata leo vitabu havikubaliani, kila kimoja kinatangaza msimamo wake mwanzoni, na wewe ni kazi yako kusoma mwanzoni.

Nimekaa sana hapo, wacha nikimbie. Miaka ya ishirini Göttingen ilijaa vijana waliomfuata Noether kila mahali, wakaitwa vijana wa Noether. Ubaoni hakuwa msafi: alikuwa anaongea haraka, mawazo yakigongana, nywele zikifunguka, asiyefuatilia anaachwa. Siku moja jengo lilikuwa limefungwa kwa sikukuu, akawachukua wanafunzi akafunza wakitembea msituni hadi kwenye mkahawa. Mholanzi mmoja, van der Waerden, alifika 1924, akasikiliza, na mwaka wa 1930 na 1931 akatoa kitabu cha juzuu mbili, Moderne Algebra, kutokana na masomo ya Noether na ya Emil Artin. Mpangilio wa kozi unayosoma leo, vikundi, ringi, fildi, umetoka humo. Noether hakulalamika kwamba mawazo yake yanatoka kwa jina la mwingine. Hapo mimi ningelalamika.

Septemba 1932 alihutubia kongamano la dunia la wanahesabu mjini Zürich, mwanamke wa kwanza kupewa hotuba kuu. Mwaka huo huo, huku kwetu, wazungu walikuwa wanamiminika Kakamega kuchimba dhahabu iliyogunduliwa 1931. Ukipita Rosterman leo jina la mgodi bado lipo. Sheria ya 1930 ilikuwa imewaahidi wenyeji ardhi ya riziavu ni yao milele. Dhahabu ilipoonekana, serikali ya kikoloni ikaibadilisha Desemba 1932 ili watu waweze kuondolewa bila kupewa ardhi nyingine. Nimetaja kwa sababu miezi minne baadaye, Aprili 1933, Ujerumani nayo iliandika sheria yake. Wayahudi watoke kazi za serikali. Noether alikuwa kati ya wa kwanza kufutwa Göttingen.

Alichofanya ni kuita wanafunzi nyumbani kwake waendelee na somo. Inasimuliwa kwamba mmoja alikuja na sare ya wanamgambo wa Hitler, naye akamkaribisha, akafunza.

Mwishoni mwa 1933 alipata nafasi katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, Pennsylvania, Marekani, kwa msaada wa wakfu wa Rockefeller. Kutoka 1934 alikuwa anaenda Princeton kila wiki kufunza. Baada ya miaka yote ile alikuwa amezungukwa na wanafunzi wanawake na wenzake waliomheshimu. Ilidumu mwaka mmoja na nusu. Aprili 1935 madaktari walimkuta na uvimbe tumboni, wakampasua, akaonekana anapata nafuu, kisha hali ikabadilika ghafla. Alifariki tarehe 14 Aprili. Mwezi uliofuata Einstein aliandika barua katika gazeti la New York Times akimsifu. Majivu yake yalizikwa chini ya njia ya kutembea kando ya maktaba ya Bryn Mawr, wanafunzi wanapita juu yake wakienda kusoma.

Mdogo wake Fritz, naye mwanahesabu, alikuwa amekimbilia Tomsk, katika Muungano wa Kisovieti. Alikamatwa 1937 na kuuawa 1941. Mahakama ya huko ilisafisha jina lake mwaka wa 1988.

Yule dada mwanafunzi alirudi Jumatatu kuchapisha kazi yake. Mtihani wake ni wiki ijayo. Alikuwa na kitabu kimoja kinachosema 1 ni lazima na kingine kinachosema si lazima, akataka nimwambie aandike kipi. Nikamwambia afungue noti za mhadhiri wake ukurasa wa kwanza, aandike sharti hilo mstari wa kwanza wa jibu, halafu aonyeshe 4 inavyojifanya 1, hata kama hakuna alama za hiyo. Akaniuliza mbona sirudi kumaliza. Kulikuwa na mzee nyuma yake anangoja kopi ya kitambulisho, kwa hivyo sikumjibu. Ila fomu ya kuomba kurudi nimeichapisha. Iko kwenye droo, chini ya risiti, nimejaza hadi pale panapotaka sababu ya kuacha.